Kolwezi, Jua na Uso wa Mdogo Wangu

Mtu aliyekulia Mbeya huijua shaba ya Kongo kabla hajaijua Kongo yenyewe. Malori hupita usiku na mchana kuelekea bandari ya Dar es Salaam, yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na madereva wanaposimama Uyole au Igawa kunywa chai hutaja miji ya huko kwa mazoea: Kasumbalesa, Likasi, Fungurume, Kolwezi. Mdogo wangu aliolewa na mmoja wao, akamfuata hadi Kolwezi. Alipojifungua mtoto wa pili niliahidi kwenda kumpa hongera. Akanitumia picha yake na mtoto, na chini yake akaandika: “Dada, mwangalie mtoto, usiniangalie mimi.”

Nilimwangalia. Mimi ni mfamasia, na nyuso za aina ile hufika dirishani kwangu mara kwa mara. Mashavu yote mawili yalikuwa na madoa ya kahawia iliyokolea, yenye kingo zisizonyooka. Katikati ya paji kulikuwa na doa jingine, na juu ya mdomo kulikuwa na weusi uliofanana na masharubu mepesi. Madoa ya kushoto yalilingana na ya kulia. Madoa ya namna hii huitwa melasma, nayo hujitambulisha hivyo: hushika pande zote mbili, huchagua sehemu za uso zinazopokea jua, haiwashi wala haiumi. Lakini katika picha ile niliona na kitu kingine, wekundu na vipele vidogo kwenye taya, ambavyo si vya melasma. Nikafunga safari nikiwa na maswali ya dada na ya mfamasia kwa pamoja.

Kutoka Tunduma barabara huvuka Zambia karibu yote: Nakonde, ambapo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, kisha Mpika, Kapiri Mposhi, Chingola, hadi Chililabombwe mpakani. Ukiingia Kasumbalesa, baada ya mwendo mrefu wa kusikia Kibemba, Kiswahili kinarudi masikioni kikiwa na lafudhi nyingine. Foleni ya malori ilikuwa ndefu kuliko jicho. Maafisa wa afya wakakagua cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nje ya lango walikaa wanawake wenye meza ndogo zilizorundikwa noti za faranga, wakibadilisha fedha. Mmoja wao aliponisikia nikizungumza aliniuliza, akiniita dada kwa Kiswahili cha huko, “Yaya, njo mara ya kwanza unafika huku?” Nikamwitikia kwamba ndiyo, ni mara ya kwanza. Akanihesabia faranga zangu polepole, mara mbili, ili nijifunze kuzitambua. Mwavuli wake ulikuwa umeegemezwa upande mmoja ukiwakinga watoto wawili waliolala kwenye kitenge. Yeye mwenyewe alikaa juani, na mashavuni alikuwa na madoa yale yale ya mdogo wangu.

Nililala Lubumbashi kwa ndugu wa shemeji yangu, na asubuhi tukashika njia ya Likasi, kilomita takriban 120. Msitu wa miombo umekatwakatwa pande zote mbili za barabara. Vichuguu vya mchwa ni virefu kupita kimo cha mtu, na wanaume husukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa hadi baiskeli yenyewe haionekani. Baada ya Likasi zinabaki kilomita kama 180. Fungurume vilima vimechongwa ngazi kwa ngazi na mitambo, na uzio wa kampuni hufuatana nawe muda mrefu. Kisha tukavuka daraja la mto Lualaba, maji yaleyale yatakayoitwa Kongo huko mbele, na hapo vumbi likabadilika rangi. Mabohari ya wanunuzi wa madini yalijipanga kando ya barabara, na mbele yake malundo ya mawe yenye rangi ya kijani na nyeusi.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Ardhi yake hutoa shaba nyingi, na Kongo kwa ujumla hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Watu wa mji wanaishi juu ya madini kwa maana halisi ya neno: katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, watu walianza kuchimba ndani ya nyua na vyumba vyao baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba. Kila mtu niliyekutana naye alijua bei ya kilo ya madini siku ile. Mimi nilikuja kuuliza habari za kitu kingine ambacho mji huu unacho kwa wingi, nacho ni jua.

Mji uko nyuzi karibu 11 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mahali penye latitudo hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwishoni mwa Oktoba. Na kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inayochuja mionzi hupungua. Kwa kila mita 1,000 nguvu ya mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kuna ubaridi asubuhi na jioni, hasa kiangazi, ndiyo maana watu wengi hawalihesabu jua la Kolwezi kuwa kali. Ngozi haihesabu kwa joto la hewa. Hata wingu jepesi la masika hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Mdogo wangu alinipokea mlangoni akiwa amejifunika mtandio hadi machoni. Tulikumbatiana, tukalia kidogo kama ilivyo desturi ya watu waliokaa muda mrefu bila kuonana, nikampokea mtoto. Ilikuwa jioni ndipo alipoondoa mtandio na kunisimulia. Baada ya mtoto wa kwanza alitumia vidonge vya uzazi wa mpango, na doa la kwanza likatokea shavuni. Alipoacha vidonge lilififia. Mimba ya pili ilipofika mwezi wa tano madoa yakarudi yameshika uso mzima. Majirani wakamwambia yatakwisha akijifungua. Kwa wanawake wengi hufifia katika miezi inayofuata uzazi, kwake hayakufifia. Ndipo mtu akampeleka sokoni kununua mafuta ya kopo lisilo na jina, yaliyochanganywa mbele ya macho yake. Wiki za kwanza uso uling'aa, watu wakamsifu. Kisha ngozi ikaanza kuwaka kila alipotoka nje, vipele vikatokea, na siku alizokosa mafuta yale madoa yalirudi meusi kuliko mwanzo. “Nimekuwa mtumwa wa kopo, dada,” aliniambia.

Nilimweleza ninavyowaeleza wateja wangu. Binadamu wote, weusi na weupe, wana idadi inayokaribiana ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tofauti yetu ni kiasi na ukubwa wa punje za melanini ambazo chembe hizo huzitoa. Melanini ni ulinzi: jua linapopiga, chembe hutoa rangi zaidi ili kufunika kiini cha seli kisiharibiwe. Katika melasma chembe za sehemu fulani za uso zimekuwa nyepesi mno kushtuka. Homoni za mimba au za vidonge huziamsha, urithi wa ukoo huziweka tayari, na jua huzipa amri kila siku. Kwa hiyo doa halina uhusiano na uchafu, wala na uchawi, wala na mwenendo wa mwanamke. Mdogo wangu aliniuliza mara mbili kuhusu hilo la mwisho, nami nikalijibu mara mbili, kwa kuwa kuna mtu alikuwa ameshamwambia kwamba uso wa mwanamke husema siri zake. Uso wake ulisema kwamba alibeba mimba katika nchi yenye jua.

Siku iliyofuata tulikwenda pamoja sokoni, katika komuni ya Manika. Nilitaka kuona kopo lile linatoka wapi. Kulikuwa na meza zaidi ya moja. Muuzaji huweka beseni, hufungua chupa na mirija kadhaa, hukoroga kwa kijiko, hujaza makopo. Nchini kwetu mchanganyiko huu huitwa mkorogo, na hali ya Dar es Salaam au Mwanza si tofauti na niliyoiona pale. Mirija mitupu iliyotupwa chini ya meza ndiyo iliyonipa majibu: ilikuwa ya dawa za steroidi kali, klobetasoli na betamethasoni, ambazo daktari huziandika kwa ukurutu mgumu, kwa siku chache, na mara nyingi si kwa uso.

Yafaa msomaji ajue ni nini kinachotokea ndani ya ngozi inayopakwa hivyo. Steroidi hutuliza na kuisawazisha ngozi kwanza, ndiyo sifa za wiki za mwanzo, kisha huifanya nyembamba, huijaza vipele, na ikiachwa ghafla ngozi hulipuka kwa wekundu na moto. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Haidrokwinoni, kiungo kingine cha mikorogo ya aina hii, ni jambo la pili. Mkononi mwa daktari ni dawa halali ya melasma, kwa kiwango cha asilimia 4 na kwa miezi michache, kisha mapumziko. Ikitumiwa kwa wingi na kwa miaka, huacha weusi wa samawati wenye vinundu ambao hauondoki kirahisi. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo mwaka 1975 baada ya kuuona kwa wanawake weusi waliotumia krimu kali, na nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Mwaka 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka marufuku kama hiyo katika nchi wanachama. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo jambo hili sasa ni la nyumba moja.

La tatu ni zebaki. Huzuia melanini kutengenezwa, lakini hupenya mwilini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka ukomo wa zebaki katika vipodozi, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kwamba kipodozi chochote chenye zebaki iliyoongezwa kipigwe marufuku kufikia 2025. Hakuna mtu awezaye kuona zebaki kwa macho ndani ya kopo lisilo na jina. Na jambo lililonishtua zaidi ni hili: mama aliyejipaka mafuta ya namna hiyo humpitishia sumu mtoto anapomlaza shavuni, kupitia mikono, mito na taulo. Tuliporudi nyumbani mdogo wangu alimtazama mwanawe, akanyanyuka, akaliweka kopo mbali na chumba. Halikuhitaji maneno zaidi.

Jirani yake mmoja hufanya kazi ya kuosha madini, akanialika nikaone. Tuliondoka alfajiri. Mahali pale ni bwawa la maji ya rangi ya kahawia, lenye wanawake wengi waliosimama majini hadi magotini. Wanaume huleta magunia ya mawe. Wanawake huyaponda kwa nyundo, huyachekecha, huyaosha kwenye ungo na magunia yaliyotandazwa kwenye fremu za mbao, hutenga mawe yenye uzito na yale yasiyo na kitu. Watoto wachanga hufungwa migongoni. Kufikia saa nne hakuna kivuli cha aina yoyote isipokuwa cha lori likisimama. Karibu wote wamefunga kitenge kichwani. Kitenge hukinga nywele na utosi, lakini uso kinauacha wazi, na maji huurudisha mwanga kutoka chini.

Waliposikia mimi ni mtu wa dawa walianza kuniita Dokta, na waliokuwa karibu wakasogea. Kati ya waliosogea wengi walikuwa na madoa. Mwenye umri mkubwa akauliza kwa niaba ya wenzake, “Dokta, banasema ni vumbi ya minerai. Njo inatuharibu sura?”

Swali hilo la vumbi la madini lilistahili jibu la heshima, kwani vumbi la pale halina sifa nzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamepima mikojo na damu za watu wa ukanda huu na kukuta kobalti nyingi mno. Utafiti wao wa Kasulo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto walikuwa nayo kwa wingi kuliko watu wazima. Wanawake wale walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini nililazimika kutenganisha mambo mawili. Kobalti na nikeli huweza kuleta mzio wa ngozi: muwasho, vipele, maganda, mara nyingi mikononi na miguuni panapogusa maji na mawe. Ngozi nyeusi ikishavimba na kuwasha, inapopona huacha alama nyeusi mahali palepale. Alama hizo hufuata kidonda. Melasma haiwashi kabla ya kutokea, inakaa mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo, na hulingana kushoto na kulia. Mmoja alikunja mikono ya gauni akanionyesha alama za vipele vya zamani. Huyo tulimwambia aende kituo cha afya akaulizie mzio, na avae glavu na buti akiweza kuzipata. Kwa wengine jibu lilikuwa juani.

Wakasikiliza, kisha mama yule akauliza swali ambalo ndilo lililobadilisha safari yangu: “Sasa tutafanya namna gani, na kazi njo hii?”

Katika duka langu Mbeya mimi humwambia mteja akae mbali na jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Nikiwa nimesimama kando ya maji yale niliona kwamba ushauri huo humaanisha kumwambia mwanamke aache kula. Ikabidi nifikiri upya nini kinawezekana hapa, kwa mikono iliyopo na fedha iliyopo. Tuliketi juu ya magunia tukazungumza hadi lori la kununua lilipofika.

Kofia ndiyo ya kwanza. Kofia ya majani yenye ukingo mpana kama kiganja na zaidi, iliyofungwa juu ya kitenge, hufunika paji, pua na mashavu kwa sehemu kubwa ya mchana, na kinga yake haiishi baada ya saa mbili kama ya losheni ya jua. Ya pili ni turubai. Vyama vya ushirika vya wachimbaji vinafunga turubai juu ya magunia ya madini ili mvua isiyaloweshe. Turubai lingine lingeweza kufungwa juu ya wanaoponda mawe, kwani kuponda na kuchagua hakuhitaji kufanyiwa majini. Ya tatu ni kupanga zamu, wanaoosha wapishane na wanaochagua, ili asibaki hata mmoja majini kutoka saa tano hadi saa nane. Na kwa waliokuwa wakikaanga mikate ya kuuza kwenye majiko ya makaa, niliongeza neno: joto la moto karibu na uso nalo huchochea madoa, basi jiko liwekwe upande ambao upepo hauleti moto usoni, na mtu asiliinamie kwa muda mrefu.

Kuhusu losheni ya kuzuia jua kuna jambo ambalo hata wauza dawa wengi hawalisemi. Losheni nyeupe za kawaida huzuia mionzi ya urujuanimno peke yake. Utafiti uliofanywa Detroit, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba mwanga tunaouona kwa macho, bila mionzi ile mingine, hutia weusi unaodumu kwenye ngozi za watu weusi, wakati ngozi nyeupe haikuathirika vivyo hivyo. Kinachozuia mwanga huo ni rangi, hasa oksidi ya chuma, ile inayowekwa katika losheni na poda zenye rangi ya ngozi. Watafiti wa Meksiko mwaka 2014 walilinganisha losheni ya kawaida na yenye oksidi ya chuma kwa wagonjwa wa melasma waliokuwa wakitumia dawa ileile, na waliopata yenye rangi walipona vizuri zaidi. Kwa hiyo mwanamke mweusi mwenye melasma anahitaji losheni ya SPF 30 au zaidi iliyo na rangi inayofanana na uso wake, kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili, ipakwe tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Asiyeipata apake losheni ya kawaida kisha juu yake poda nzito yenye rangi. Mmoja aliuliza kama udongo mwekundu wa Katanga ungefaa, maana wekundu wake unatokana na chuma hichohicho. Nilimsihi asiutumie: udongo wa jirani na migodi umebeba metali nyingine ambazo hazipaswi kukaa usoni siku nzima.

Bei ndiyo kikwazo. Nchini kwetu, Moshi, katika hospitali ya KCMC kulianzishwa kitengo cha kutengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hapohapo kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 ambacho huwafundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika. Jambo hilo linaonyesha kwamba losheni ya jua inaweza kutengenezwa huku kwetu kwa watu wanaoihitaji. Mkoa unaotoa metali za betri za dunia nzima hauwezi kushindwa kuwapatia wanawake wake losheni na kofia.

Tulimpeleka mdogo wangu kwa daktari katika kituo kimoja cha afya. Alikuwa daktari wa kawaida, si bingwa wa ngozi, lakini alifanya kazi yake kwa utulivu. Alimuuliza kama viungo vinauma, kama ana homa au vidonda mdomoni, ili kuhakikisha si lupasi, ambayo nayo hushika mashavu. Alitazama masikio na vidole kutafuta weusi wa samawati wa haidrokwinoni, hakuuona. Kisha akaeleza mpango. Mafuta ya kopo yasiachwe kwa kukurupuka bila msaada. Alimpa steroidi hafifu ya kupunguza hatua kwa hatua kwa muda mfupi, hadi moto wa ngozi utulie. Baada ya hapo asidi ya azelaiki, ambayo inafaa kwa mama anayenyonyesha, usiku, kwa subira. Tretinoini, dawa nyingine ya kupaka, na haidrokwinoni zisubiri. Asidi ya traneksamiki ya vidonge, ambayo madaktari huitumia kwa melasma sugu, haifai kwa mtu mwenye historia ya damu kuganda wala kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na hakuona sababu ya kuifikiria. Mwisho akamuuliza kuhusu uzazi wa mpango. Mdogo wangu alikuwa akifikiria kurudia vidonge. Daktari akampendekezea kitanzi cha shaba, kisicho na homoni yoyote, kinachoweza kudumu miaka 10. Azelaiki haikupatikana mjini siku ile. Shemeji aliagiza Lubumbashi na ikaletwa na dereva mwenzake.

Daktari alitupa pia ukweli ambao wauzaji wa makopo hawautoi. Uso hautabadilika kwa wiki mbili. Itachukua miezi mitatu kabla ya kuona tofauti ya wazi, na zaidi kabla ya kutulia. Melasma hudhibitiwa, siku chache za jua bila kinga hurudisha kazi ya miezi, na mimba nyingine huweza kuiamsha. Baadhi ya madoa yenye mizizi chini zaidi ya ngozi hubaki hafifu hata baada ya tiba. Mdogo wangu alisikiliza yote hayo bila kushusha macho. Nadhani kilichomsaidia ni kuambiwa kweli yote na mtu asiyemwuzia kitu.

Shemeji yangu alikuwa amekaa pembeni muda wote, akiwa kimya. Tukiwa njiani aliuliza ni yeye atafanya nini. Nilimwambia mambo mawili: asimlinganishe mkewe na picha za simu, na aende akazungumze na wenye bohari anaowajua kuhusu lile turubai. La pili alilifanya kabla sijaondoka, alikwenda na wanaume wengine wawili ambao wake zao wako majini pale. Walikubaliwa kufunga moja, upande wa wanaoponda.

Wakati wa kurudi Mbeya niliyaona malori yaleyale ya utotoni kwa jicho lingine. Mabamba ya shaba na magunia ya kobalti hupimwa, hufungwa, hukatiwa bima, hufunikwa turubai hadi bandarini. Nyuso za wanawake walioponda na kuosha mawe ya madini hayahaya hazijawekewa hata kofia. Katika nchi zetu zote, kuanzia Mererani hadi Geita, kuanzia mashamba ya chai ya Rungwe hadi mabwawa ya Kolwezi, wanawake wanauguza nyuso zilizoharibiwa na kazi, wanauziwa sumu kama dawa, kisha wanaaibishwa kwa kuinunua. Wenye vyama vya ushirika wanaweza kuweka kivuli na kofia katika orodha ya vifaa vya kazi pamoja na buti na glavu. Wenye maduka ya dawa tunaweza kuacha kuuza mirija ya klobetasoli bila cheti, na kuleta losheni zenye rangi ya ngozi zetu. Na sisi tunaosimama dirishani, mwanamke anapoleta uso wenye madoa, swali la kwanza liwe ni kazi gani anafanya na wapi anasimama saa sita mchana, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama dawa tutakayompa itafanya kazi.